Vinasaba havijisomi: saratani, selimundu na damu ya Kanda ya Ziwa

Huanza na jino. Mtoto wa miaka mitano au sita, mzima kabisa hadi juzi, anasema gego lake linacheza. Umri wenyewe ni wa kung'oka meno, nani ashtuke? Bibi anacheka, anasema mjukuu anakua. Siku chache baadaye shavu limevimba, gego la pili nalo linacheza, na baba anampakia mtoto kwenye bodaboda wakatafute wa kung'oa. Jino linatoka bila shida, kama vile halikuwa limeshikwa na kitu. Uvimbe haupungui. Wiki ya pili jicho la upande ule limeanza kusukumwa nje, na hapo ndipo swali linapoulizwa nyumbani, kwa sauti ya chini: nani kamfanya mtoto hivi?

Katika vijiji vya Shinyanga, kuanzia Samuye hadi Solwa, swali la "nani" si la mzaha. Mkoa huu pamoja na jirani zake Mwanza, Simiyu na Geita umezika vikongwe wengi waliouawa kwa sababu tu mtu fulani aliugua na jibu la swali hilo likaangukia kwenye macho yao mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka sitini. Kwa hiyo mwandishi anayetaka kueleza sayansi ya protini kwa wasomaji wa huku hana haja ya kuomba radhi kwamba mada ni ngumu. Anajibu swali ambalo tayari limeulizwa, na jibu lake lina jina.

Ugonjwa wa mtoto huyo ni limfoma ya Burkitt, na mhusika mkuu ni protini iitwayo MYC.

Ndani ya karibu kila seli ya mwili kumekunjwa DNA ambayo ukiinyoosha inafikia takriban mita mbili. Humo mna jeni zipatazo 20,000, zote muhimu, ila DNA haijisomi. Ni kama rejista ya kijiji iliyofungiwa kabatini kwa mtendaji: kila kaya imo, lakini asipokuwepo mtu wa kuifungua kwenye ukurasa unaotakiwa, haimsaidii mtu. Kazi ya kuifungua, kuifunga, kuinakili na kuisahihisha hufanywa na protini zinazoishika DNA. Binadamu ana zaidi ya 1,600 za aina moja tu, zile zinazoamua jeni gani isomwe na ipi inyamaze. Nyingine hushika RNA, ile nakala inayotumwa kwenda kutengenezea protini. Hizo nazo zikiharibika ni balaa. Mojawapo, TDP-43, ndiyo inayokutwa imejilundika katika seli za neva za wagonjwa wengi wanaopooza misuli taratibu kwa maradhi ya ALS.

MYC kazi yake ni kuisukuma seli ikue na igawanyike. Hushikana na mwenzake aitwaye MAX, wawili hao wakakaa juu ya DNA mahali penye herufi sita: CACGTG. Kwa mtoto mwenye afya MYC huamshwa panapohitajika, kisha ikalazwa. Kwa wagonjwa wengi wa Burkitt kuna kipande cha kromosomu ya 8, chenye jeni ya MYC, kilichokatika na kuungwa kwenye kromosomu ya 14, jirani kabisa na jeni ya kutengeneza kingamwili. Seli yenye ugonjwa huu ni ya jamii ya seli B, ambazo kutengeneza kingamwili ndiyo ajira yake. Jeni hiyo inasomwa mfululizo, na MYC iliyobandikwa pembeni yake inasomwa nayo. Haipati tena amri ya kulala. Seli moja inakuwa mbili ndani ya siku moja au mbili, na ndiyo maana shavu linaongezeka wiki hadi wiki huku familia ikiwa bado inajadiliana.

Kuhama huko kwa jeni ya MYC kulijulikana mwaka 1982, lakini njia ya kufika huko ilipita kwetu.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt kutoka Ireland, amwangalie mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za taya. Muda si mrefu Burkitt akamwona mwingine, Jinja, mwenye sura ile ile. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958. Mwaka 1961, ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford na kusafiri wiki kumi, maili 10,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakisimama hospitali kwa hospitali na picha mkononi: mmewahi kumwona mtoto wa hivi? Waliporudi walikuwa na ramani. Ugonjwa ulikuwepo kwenye joto na mvua, ukakosekana kwenye miinuko yenye baridi na kwenye nchi kavu. Mtu yeyote wa Kanda ya Ziwa akiitazama ramani hiyo ataona mbu.

Sampuli za uvimbe zilikuwa zikipandishwa ndege Kampala kwenda London kwa Anthony Epstein, aliyemsikia Burkitt akihutubia huko mwaka 1961. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wa Trinidad walitangaza kirusi walichokikuta katika seli hizo. Ni kirusi cha kwanza duniani kuhusishwa na saratani ya binadamu, na kilitoka kwenye mataya ya watoto wa Uganda. Watafiti wawili wa kwanza wamebaki katika jina lake, Epstein-Barr. Achong hakubahatika.

Sehemu ya kisa hiki inayotuhusu zaidi sisi wa Tanzania haisimuliwi sana, nami naona ajabu. Kati ya 1977 na 1982, katika Mara ya Kaskazini, watoto wa chini ya miaka kumi waligawiwa vidonge vya klorokwini ili ionekane kama kuizuia malaria kutapunguza Burkitt. Utafiti huo ulihusisha shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa. Saratani ilipungua kweli, lakini hesabu zikaonyesha ilikuwa imeshaanza kupungua kabla ya kidonge cha kwanza, na wakati huo huo vimelea vikaanza kuizoea klorokwini. Watafiti hawakupata jibu la kukata shauri. Hakuna aliyekosea. Sayansi nyingi huwa hivyo, na watoto wa Mara walikuwa wamekwishameza vidonge vyao.

Jibu lilikuja miaka mingi baadaye kwa mlango wa protini. Malaria kali na ya kurudiarudia huzifanyisha seli B kazi kupita kiasi. Zinapofanya kazi hiyo hutumia kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho kazi yake halali ni kuichokonoa DNA ya jeni za kingamwili ili kingamwili iwe kali zaidi. AID ikizidi, huchokonoa na pasipohusika, na kromosomu ya 8 ni mojawapo ya sehemu zinazokatika. Kirusi cha Epstein-Barr kwa upande wake huzisaidia seli zilizoharibika zisife. Vinapokutana vyote viwili kwenye mwili wa mtoto mmoja, MYC inapata nafasi yake.

Basi ukishajua hivyo, jambo la kufanya linakuwa wazi. Meno yanayong'oka katika umri wa miaka mitano au sita ni ya mbele. Gego likicheza katika umri huo, na hasa magego mawili, mtoto asipelekwe kwa mng'oa meno wa mnadani wala kwa mganga. Aende hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa wiki hiyo hiyo, na akipewa rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, safari isingojee mavuno. Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa kwa haraka ya kushangaza, na watoto wengi wanaowahi na kumaliza dozi hupona. Kumaliza dozi ndiyo shida. Uvimbe ukishanywea baada ya mzunguko wa kwanza, mzazi anayefikiria nauli ya kurudi, ng'ombe aliowaacha na watoto wengine walioko nyumbani anaona kazi imekwisha. Haijaisha.

Protini ya pili maarufu ni p53, nayo nitaipitia haraka. Iligunduliwa mwaka 1979. Huishika DNA ya seli iliyopata jeraha na kuziamsha jeni zinazoisimamisha seli hiyo hadi itengenezwe, au zinazoiamuru ife. Karibu nusu ya saratani zote za binadamu zina p53 iliyoharibika. Sumukuvu ya kwenye karanga na mahindi yaliyoota ukungu huiharibu mahali panapojulikana kabisa, kwenye kodoni (neno la herufi tatu za DNA) ya 249, na matokeo yake ni saratani ya ini. Kirusi cha HPV chenyewe hakihangaiki kuiharibu jeni. Hutuma protini yake iitwayo E6 ikaikamate p53 na kuipeleka ikasagwe. Hivyo ndivyo saratani ya mlango wa kizazi inavyopata njia, na kwa Tanzania hiyo ndiyo saratani namba moja kwa wanawake: makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 10,000.

Hapa tena Kanda ya Ziwa imeifundisha dunia. Kuanzia mwaka 2017 wasichana 930 wa Mwanza, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, walishiriki utafiti uitwao DoRIS, wakalinganishwa waliochanjwa dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV. Dozi moja ilionekana kutosha kuleta kinga inayolingana na ile iliyokwishathibitika kukinga kwingineko. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali ratiba ya dozi moja, na matokeo ya Mwanza yalikuwa sehemu ya ushahidi. Tanzania yenyewe ilihamia dozi moja mwaka 2024. Mzazi anayemficha binti siku ya chanjo shuleni kwa kuogopa maneno ya mtaani ajue kwamba chanjo hiyo haikujaribiwa kwa wageni tu. Wamo mabinti wa Mwanza.

Twende machimboni, maana kijana wa Samuye akishauza mpunga wake hakai bure. Atakwenda Mwakitolyo, ndani ya wilaya yake, au atavuka hadi Kahama na Geita. Kwenye karasha kazi ni ile ile kila mahali: mawe yanasagwa, unga unaoshwa, zebaki inamwagwa ili ishike dhahabu. Kisha mchenjuaji anaikamua kwa kitambaa, matone yanayong'aa yanarudi kwenye beseni, na kitambaani kinabaki kidonge cha kijivu kisichozidi punje ya hindi. Anakiweka juu ya kipande cha bati kwenye makaa. Moshi hauonekani vizuri mchana, na mara nyingi hakuna anayerudi nyuma. Kijivu kinageuka njano na wote wanasogea kuangalia.

Zebaki ile huumiza ubongo na figo, na Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kuipunguza. Lakini kwa habari ya protini zetu adui mwingine ananitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa hana hata moshi. Ni aseniki. Katika ukanda wa dhahabu imo ndani ya mwamba wenyewe, na mwamba ukipasuliwa na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yakaachwa mvuani huingia kwenye maji. Vipimo vya watafiti vimekuta baadhi ya visima na vijito vya ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria, Geita ikiwemo, vikizidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mikrogramu 10 kwa lita. Maji hayo hayana ladha wala harufu, na kuyachemsha hakusaidii.

Mwaka 1985 Aaron Klug, aliyekulia Durban, pamoja na wenzake walionyesha kwamba protini moja ya chura wa Afrika hushika vinasaba kwa vidole. Kila kidole kimekunjwa kuzunguka chembe moja ya madini ya zinki, na zinki ikitoka, kidole kinalegea. Leo tunajua binadamu ana mamia ya protini za vidole vya zinki. Mojawapo ni PARP-1, inayotambua mahali DNA ilipokatika na kuwaita mafundi. Aseniki huingia kwenye vidole vya PARP-1, huitoa zinki na kukaa yenyewe. Majeraha ya kawaida ya DNA, ambayo kila mmoja wetu huyapata kila siku, yanabaki bila kutengenezwa. Ndiyo sababu aseniki imo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani: ngozi, mapafu, kibofu cha mkojo. Halmashauri zenye machimbo zisiishie kupima maji kwa vijidudu. Zipime na aseniki, kisima kwa kisima, na majibu yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji.

Nimeiacha mwisho protini ninayoiona kubwa kuliko zote kwa huku kwetu. Nayo ina vidole vya zinki. Inaitwa BCL11A.

Tumboni mwa mama mtoto hutumia aina yake ya himoglobini, ya kichanga. Akishazaliwa, BCL11A hushika DNA karibu na jeni ya himoglobini hiyo na kuinyamazisha, na mwili unahamia kwenye himoglobini ya ukubwani. Kwa wengi wetu mabadiliko hayo hayana habari. Kwa mtoto aliyerithi selimundu kutoka kwa baba na kwa mama ndipo msiba unapoanza, kwa sababu himoglobini ya ukubwani ndiyo yenye kasoro ya herufi moja inayozipinda chembe nyekundu za damu. Mtoto anazaliwa na afya yake, ananyonya, ananenepa. Inapita miezi kadhaa, BCL11A inamaliza kazi yake, na siku moja viganja na nyayo vinavimba na mtoto hanyamazi. Mama anasema kweli tupu anaposema: alizaliwa mzima, akabadilika. Kinachofuata ni lile swali la "nani". Jibu la haki ni kwamba hakuna aliyemroga. Kilichotokea ni protini kufanya kazi yake kwa wakati wake, juu ya kasoro iliyokuwemo tangu siku ya kwanza.

Na kasoro hiyo kwetu ni nyingi. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu hukingwa kwa kiasi na malaria, na ndiyo maana jeni hiyo imeshamiri palipo na mbu. Watafiti wa Bugando walipopima matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, sampuli 17,200 za watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini magharibi, walikuta takriban mtoto mmoja kati ya watano ana jeni moja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Kwa nchi nzima inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka.

Lakini wapo wagonjwa ambao himoglobini ya kichanga haikunyamaza kabisa, na hao huugua kidogo. Tofauti hiyo ndiyo iliyowaelekeza wanasayansi kwa BCL11A kati ya 2007 na 2008. Mwaka 2014 Siana Nkya Mtatiro, Julie Makani na wenzao walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya wagonjwa 1,213 wa Tanzania, uliothibitisha kwamba hata kwetu BCL11A ni mmoja wa wenye usemi. Kutoka hapo hatua ya kimantiki ilikuwa kuinyamazisha yenyewe inayonyamazisha. Novemba 2023 Uingereza, na Desemba mwaka huo Marekani, ziliidhinisha Casgevy: seli za uboho hutolewa mwilini, swichi ya BCL11A inakatwa kwa mkasi wa CRISPR, seli zinarudishwa. Wagonjwa waliokuwa wakilazwa mara kwa mara kwa maumivu wamekaa mwaka mzima na zaidi bila kulazwa.

Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni tano kwa mgonjwa mmoja. Kabla ya seli kurudishwa, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuusafisha uboho na kukaa hospitalini kwa wiki kadhaa. Tusidanganyane, hiyo si tiba ya Samuye kwa sasa. Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, upandikizaji wa uboho kwa watoto wenye selimundu umeanza tangu 2023, nayo ni hatua ya kujivunia, ila unahitaji ndugu anayelingana na hauwezi kuwafikia maelfu.

Kinachoweza kuwafikia ni hydroxyurea. Ni kidonge cha zamani, cha kumeza nyumbani, kinachoufanya mwili urudie kutengeneza himoglobini ya kichanga hata BCL11A ikiwa macho. Utafiti wa REACH uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kongo na Angola uliondoa hofu kwamba kidonge hicho kingekuwa hatari kwa watoto wa nchi za malaria: maumivu yalipungua, vifo vilipungua, na malaria yenyewe ilipungua. Bugando nako, utafiti uitwao SPHERE ulikipima kwa watoto waliokuwa katika hatari ya kiharusi, na mwendo wa damu kwenye mishipa ya ubongo ulishuka kuelekea salama.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Ushahidi tunao, na sehemu yake imetoka kwenye damu ya watoto wetu wenyewe. Wizara ya Afya ianze na mikoa ya Kanda ya Ziwa: kila mtoto apimwe selimundu kabla hajatoka wodini, kwa sababu anayejulikana mapema huwekewa kinga ya malaria, penisilini na chanjo kabla BCL11A haijafunga mlango. Hydroxyurea ipatikane hospitali ya wilaya kila mwezi bila kukosekana, na bima iilipie. Nanyi vijana mnaojiandaa kufunga ndoa, kabla ya kuhesabu ng'ombe nendeni wawili mkapime. Wote wawili mkiwa na jeni moja moja, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kwa wanne wa mtoto mwenye selimundu, na ni bora mlijue hilo kabla ya harusi kuliko kuja kulaumu mkwe.